Sura ya Sita: Kifaru Kimoja, Siku Moja

Tarehe 18 Novemba 1941, Jeshi la Nane la Uingereza lilivuka mpaka wa Misri na kuingia Libya, likielekea kuufungua mji wa bandari wa Tobruk uliokuwa umezingirwa tangu Aprili. Katika msafara huo ilikuwamo Brigedi ya Nne ya Vifaru, chini ya Brigedia Alec Gatehouse. Rejimenti zake tatu, yaani 8th Hussars pamoja na ya 3 na ya 5 za Royal Tank Regiment, zilikuwa zimekabidhiwa kifaru chepesi ambacho kilikuwa bado hakijajaribiwa vitani: M3 Stuart, kilichoundwa Marekani na kuanza kufika Misri Julai mwaka huo. Kilikuwa na uzito wa karibu tani 12.7, mzinga wa milimita 37, wanajeshi wanne ndani, na barabarani kiliweza kwenda kilomita 58 kwa saa. Askari wa Uingereza walikuwa wamechoshwa na vifaru vyao vilivyokuwa vikiwaharibikia njiani. Hiki kiliwaka kila asubuhi na kukata kona bila kuvua mnyororo, wakakipenda na kukibandika jina la Honey.

Katika sura hii tutajenga kifaru kimoja kati ya hivyo kwa kipimo cha 1/35. Nasema kimoja nikiwa na maana hiyo hasa. Kosa kubwa katika kazi hii ni kujenga "Stuart" tu, kifaru cha jumla ambacho hakikuwahi kuwa mali ya kikosi chochote wala kukanyaga ardhi yoyote. Mwandishi wa historia anaweza kuandika kwamba Stuart ilikuwa na bunduki kadhaa za rashasha, akaweka nukta na kuendelea. Fundi wa modeli hana njia hiyo ya mkato. Mkononi ameshika kipande chenye urefu wa sentimita moja, na ni lazima aamue kama anakibandika au anakiacha. Kila kipande kinamuuliza swali, na swali halijibiki mpaka ajue ni kifaru kipi, cha kikosi kipi, siku ipi.

Kuchagua kabla ya kukata

Jina la M3 Stuart linabeba mashine zaidi ya moja. Vilijengwa zaidi ya 5,800 vya toleo hilo la kwanza pekee, na kiwanda kilikuwa kikibadilisha mambo huku kazi ikiendelea. Mnara wa mwanzo uliungwa kwa ribiti. Uliofuata ulikuwa bado wa mabamba yaliyonyooka, lakini yameunganishwa kwa kuchomelewa. Wa tatu ulikuwa na ubavu uliopindwa kwa mviringo. Vingi vilikuwa na injini ya petroli, vingine ya dizeli. Kisha mwaka 1942 yakaja matoleo ya M3A1, ambayo hayana tena kile kijumba kidogo cha kamanda juu ya mnara, na ya M5 yenye injini mbili za Cadillac, kwa kuwa injini za awali zilikuwa zinahitajika kwenye ndege.

Kwa siku yetu ya Novemba 1941 uchaguzi unapungua. M3A1 haikuwa imeanza kuundwa. Tunahitaji bodi ya ribiti, mnara wa mabamba yaliyonyooka na kijumba cha kamanda juu yake. Kwa hiyo kabla hujalipa pesa yako dukani, angalia picha ya vipande ubavuni mwa boksi, usidanganywe na mchoro wa mbele. Seti nzuri ya toleo lisilo lako itakugharimu kazi kubwa kuliko seti ya wastani ya toleo lako.

Baada ya hapo tafuta picha moja ya kifaru halisi, nayo ndiyo itakayokuwa hakimu wako. Picha za Libya za majira hayo zinaonyesha jambo ambalo maelekezo ya boksi mara nyingi hayalisemi. Stuart ilitoka kiwandani na bunduki tano za rashasha, mbili kati yake zikiwa zimefungwa pembeni mwa bodi, kila moja upande wake, ambako hakuna aliyeweza kulenga nazo vizuri. Vikosi vingi vya Uingereza viliziondoa na kuitumia nafasi hiyo kuweka vitu vya maana zaidi. Ukiona kwenye picha yako tundu limezibwa, usibandike bunduki.

Hesabu ya thelathini na tano

Kipimo cha 1/35 hakikutoka jeshini wala chuo cha uhandisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani aina ya Panther iliyoendeshwa kwa mota, na ukubwa wake ukaamuliwa na nafasi ya kutosha mota na betri ndani ya tumbo. Modeli ikauzika, kampuni ikaendelea na ukubwa uleule, wengine wakafuata, na leo ulimwengu mzima wa vifaru vidogo unatumia kipimo kilichozaliwa na betri.

Ukikizoea, kipimo hiki kinakuwa njia ya kufikiri. Stuart ina urefu wa mita 4.53, kwa hiyo mezani inafika milimita 129. Upana wa mita 2.24 unakuwa milimita 64. Mwanajeshi mwenye urefu wa mita 1.75 anasimama sentimita 5. Uzito nao una hesabu yake: kwa kuwa unapungua pande zote tatu, tani 12.7 unazigawa kwa 35 mara tatu, nawe unapata kama gramu 300. Seti ya plastiki haifiki uzito huo. Uzito wa kifaru itabidi uonekane kwa macho, kwa namna magurudumu yanavyokaa ardhini na matope yanavyofuata mahali penye mgandamizo.

Hesabu hii pia inafichua pale plastiki inaposhindwa kusema kweli. Bamba la ubavuni la milimita 25 linapaswa kuwa na unene wa milimita 0.7. Paa la milimita 13 linakuwa chini ya milimita 0.4. Viwanda haviwezi kumimina plastiki nyembamba kiasi hicho kwa usalama, kwa hiyo kifuniko cha kamanda kinachotoka kwenye boksi ni kinene mno. Kikifungwa, hakuna atakayejua. Kikiachwa wazi, ukingo wake unaonekana, nao ni lazima upunguzwe kwa msasa mpaka ukaribie kipimo. Bati linalofunika mnyororo kwa juu ni jembamba zaidi, na hapo bora utumie kibati cha shaba, ambacho unaweza kukikunja na kukibonyeza kama lilivyobonyea lenyewe lilipogonga jiwe.

Tumbo na miguu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kifaru kinaanza kujengwa chini. Kila upande wa Stuart una magurudumu manne ya kubeba uzito, yamefungwa mawili mawili kwenye vigari viwili, na kila kigari kina springi za ukanda wa chuma uliosokotwa umbo la pia. Mbele liko gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Nyuma liko gurudumu kubwa ambalo, tofauti na vifaru vingi, limeshushwa mpaka likagusa ardhi. Wahandisi walilishusha ili mnyororo ukanyage eneo refu zaidi na kifaru kisizame kwenye ardhi laini.

Hii ina maana kwamba magurudumu matano kila upande yanapaswa kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Yaunganishe yote gundi ikiwa bado mbichi, weka bodi juu ya kipande cha kioo, na kagua kwa kupitisha karatasi chini ya kila gurudumu. Karatasi ikipita bila kugusa, gurudumu hilo linaelea, na kifaru kizima kitaonekana hakina uzito.

Mnyororo wenyewe unahitaji uamuzi wa kiufundi. Wengi waliojenga vifaru vya Kijerumani au vya Kirusi wamezoea kuulegeza upande wa juu ulale juu ya magurudumu, kwa sababu minyororo ile ni ya chuma kitupu na pini zake zinacheza. Mnyororo wa Stuart ni wa vitalu vya mpira, na pini zake zimevikwa mpira ndani ya viungo. Kila kiungo kina mkazo wake, na mnyororo mzima unanyooka ukipita juu ya magurudumu madogo matatu ya kuubebea. Ukiulegeza kwa mazoea, umeweka mguu wa mashine nyingine kwenye mashine hii.

Kwa nini kilikuwa kirefu kwenda juu

Mtu akiiona Stuart kwa mara ya kwanza hushangazwa na kimo chake: kifaru chepesi, lakini kimesimama juu. Jibu liko kwenye injini. Continental W-670 ilikuwa ya ukoo wa ndege, ina silinda 7 zilizopangwa kuizunguka kranki. Injini ya namna hiyo kitovu chake kiko katikati, mbali na sakafu. Shafti inayotoka hapo, nyuma ya kifaru, ililazimika kupita katikati ya chumba cha wanajeshi ikielekea giaboksi iliyoko mbele. Ilipita juu, kwa hiyo mnara nao ukawekwa juu.

Ndani ya M3 ya mwanzo mnara haukuwa na sakafu inayozunguka pamoja nao. Kamanda na mlengaji walisimama juu ya sakafu ya bodi, na mnara ulipogeuka iliwabidi wahamishe miguu, waruke ile shafti, wakati kifaru kinayumba na mzinga unapigwa. Kamanda ndiye pia aliyekuwa akipakia risasi.

Seti nyingi hazina chumba cha ndani. Ukiamua kuacha kifuniko wazi, huna haja ya kujenga kila kitu, maana jicho halitafika. Lakini weka ile shafti. Kipande cha mrija wa plastiki kilichofunikwa na kifuniko chake, kikilala kwa mteremko kutoka nyuma kwenda mbele, kinatosha. Mtu atakayeinama na kuchungulia kwa tochi ataelewa papo hapo jinsi watu wale walivyobanwa.

Ribiti moja baada ya nyingine

Bodi ya M3 iliungwa kwa ribiti kwa sababu mabamba yake yalikuwa ya chuma kilichokomazwa usoni, na chuma cha aina hiyo hakikukubali kuchomelewa kirahisi. Ribiti zilikuwa na hatari yake: risasi ikigonga nje, kichwa cha ribiti kinaweza kukatika na kuruka ndani kama risasi ya pili. Ndiyo maana Wamarekani walihama hatua kwa hatua, kwanza mnara, kisha bodi nzima, kwenda kwenye kuchomelea.

Kwenye modeli, kichwa cha ribiti cha milimita 25 kinakuwa na upana wa milimita 0.7. Unapounganisha mabamba mawili na kupiga msasa kiungo, ribiti zilizo karibu hufutika. Zirudishe namna hii. Tafuta upande wa ndani wa kipande ambacho hakitaonekana tena, penye vichwa vya ziada, au nunua bamba lililochongwa ribiti. Tia wembe mpya kwenye kishikio, ulaze karibu sambamba na plastiki, na kikate kichwa kimoja kwa msukumo mmoja. Chora mstari kwa penseli kwa kufuata ukingo wa utepe wa karatasi, na weka alama za nafasi kwa kupima zile ribiti zilizosalia. Tone dogo sana la gundi nyepesi liguse alama. Lowesha ncha ya brashi, okota kichwa, kiweke mahali pake. Gundi hii haibandiki kama ya mbao. Inayeyusha plastiki kidogo, na vipande viwili vinakuwa kitu kimoja. Usiguse tena mpaka kesho yake.

Kazi hiyo inaweza kumaliza jioni nzima, na atakayekitazama kifaru hataona chochote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Safu ya ribiti isiyo na pengo haivuti jicho, bali pengo moja huharibu bamba zima.

Rangi tatu na samawati isiyokuwapo

Tangu mwaka 1940 hadi mwishoni mwa 1941 vifaru vya Waingereza katika jangwa la magharibi vilipakwa kwa mpango uliobeba jina la Caunter, brigedia aliyewahi kuiongoza Brigedi hii hii ya Nne. Mistari yake imenyooka, inakata bodi kwa mshazari, na kila aina ya kifaru ilikuwa na mchoro wake. Lengo lilikuwa kumchanganya mlengaji wa adui asijue mbele ni wapi na mwisho wa kifaru ni wapi.

Kwa miaka mingi mafundi wa modeli walipaka mistari hiyo kwa samawati nyepesi, kwa sababu vifaru vilivyopakwa upya makumbusho Uingereza vilikuwa na samawati. Watafiti waliporudi kwenye amri za jeshi za wakati ule na mabaki ya rangi yenyewe, walikuta rangi tatu: Light Stone, ya manjano iliyofifia kama mawe ya chokaa, Silver Grey, kijivu chenye dalili ya kijani, na Slate, kijivu kizito. Samawati haimo.

Jaribu mezani, nawe utaona jinsi jicho linavyoweza kudanganyika. Changanya kijivu cha Silver Grey, kipake kwenye kadi nyeupe, nawe utasema ni kijivu kinachokaribia kijani. Sasa kipake kando ya ile manjano, bila nafasi kati yao. Kijivu kilekile kinapoa na kuanza kuonekana kama samawati. Manjano ndiyo inayokisukuma huko. Picha za rangi za zamani zilizofifia, na kumbukumbu za wazee waliokuwapo, zilipitia katika udanganyifu huohuo. Amini kadi, usiamini kumbukumbu ya jicho, na paka kijivu ulichokipima.

Ziba mipaka kwa utepe mwembamba, bonyeza kingo zake kwa ukucha, na nyunyiza rangi kwa tabaka nyepesi kadhaa ili isivuje chini ya utepe. Halafu zije alama. Katika operesheni hii vifaru vilichorwa mistari ya nyeupe, nyekundu na nyeupe ili wenzao wasivipige kwa makosa. Kila skwadroni ilikuwa na umbo lake: pembetatu kwa A, mraba kwa B, duara kwa C, na almasi kwa makao makuu ya rejimenti.

Matope ya jangwani

Ardhi ya kusini mwa Tobruk si ile ya vilima vya mchanga wa dhahabu. Ni uwanda wa mawe na udongo uliopauka, wenye vichaka vifupi. Tena usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba ilinyesha mvua kubwa. Viwanja vya ndege vya Wajerumani vilijaa maji. Kifaru cha asubuhi ile kinastahili matope kwenye magurudumu, na vumbi lililokauka zamani kwenye mabamba ya juu. Hapa ndipo uchaguzi wa siku moja unapolipa. Wiki moja kabla, rangi ya matope ingekuwa uongo.

Mizigo nayo ina sababu. Tangi la Stuart lilibeba karibu lita 210 za petroli, za kutosha kama kilomita 110 barabarani, na pungufu ya hapo jangwani penye mapigano. Ilibidi kujaza mara kwa mara, na Waingereza walisafirisha petroli kwa madebe membamba ya galoni 4 yaliyovuja sana, ndiyo maana madebe imara ya Wajerumani yalikuwa ngawira ya kugombaniwa. Funga juu ya bodi maturubai, mablanketi yaliyoviringishwa, maji, na nyuma tundika debe lililokatwa nusu, jeusi kwa masizi. Hilo lilijazwa mchanga, likamiminiwa petroli na kuwashwa. Ndilo jiko la chai. Litengeneze kwa karatasi ya alumini.

Theluthi moja ya milimita

Siku iliyofuata, tarehe 19, Brigedi ya Nne ilikutana na vifaru vya Divisheni ya 21 ya Panzer karibu na Gabr Saleh. Panzer III za Wajerumani zilibeba mzinga wa milimita 50. Weka modeli mbili kando kwa kando na upime midomo ya mizinga: 1.4 kwa mmoja, 1.1 kwa mwingine. Tofauti ni kama theluthi moja ya milimita. Kwenye uwanda ule wa wazi, tofauti hiyo ilimaanisha kwamba wanajeshi wa Stuart walipaswa kukimbia kuelekea kwenye mzinga mkubwa kabla ya wao kupata nafasi ya kupiga kwa faida. Jioni ya tarehe 22, Divisheni ya 15 ya Panzer iliyavamia makao makuu ya brigedi na kuyateka, na vikosi vikabaki vimetawanyika.

Mmoja wa makamanda wa vifaru hivyo alikuwa Robert Crisp wa Afrika Kusini, mrusha mpira wa kriketi wa timu ya taifa lake, mtu aliyewahi pia kuupanda Kilimanjaro. Alipigana na Rejimenti ya 3, akapoteza vifaru, akajeruhiwa vibaya, na mwaka 1959 akatoa kitabu cha siku hizo, Brazen Chariots. Kinachobaki kwako baada ya kukisoma ni jinsi kamanda alivyokaa kichwa nje, kwa kuwa ndani hakuona kitu. Vita ya vifaru ilikuwa vita ya macho, na macho yalilipiwa kwa vichwa.

Kwa hiyo mweke kamanda wako wa sentimita 5 kwenye kijumba chake, kifuniko wazi, mabega yakiwa juu ya ukingo. Mpe darubini mkononi na koti zito, maana Novemba jangwani ni baridi. Kila ulichokipima mpaka hapa kilikuwa kwa ajili yake: unene wa bamba lililomkinga, ribiti iliyoweza kumuua, shafti aliyoiruka, petroli iliyomwishia. Mashine bila mtu huyu ni chuma kilichopakwa vizuri.

Ukimaliza kusoma sura hii, usikimbilie dukani. Chagua kwanza picha moja na tarehe moja, andika kikosi juu ya karatasi, na chini yake orodhesha maswali ambayo picha inayajibu na yale isiyoyajibu. Nunua seti baada ya hapo. Kazi ya mkono itaboreka yenyewe kwa mazoezi, lakini uaminifu kwa kifaru kimoja na watu wake wanne ni uamuzi unaoweza kuufanya kwenye modeli yako ya kwanza kabisa.